Yalikokwenda Maji ya Moto

Evalina alikuwa ameoga kwa beseni tangu utotoni. Kwao Lingeka, kule Meatu, maji yalichotwa kwenye vishimo vilivyofukuliwa katika mchanga wa mto mkavu, na aliyepata ndoo nzima ya kuogea peke yake alijiona mtu mwenye bahati. Ndiyo maana waliomjua tangu zamani walicheka, bila ubaya wowote, waliposikia kwamba yeye ndiye anayewawekea wageni shawa za maji ya moto mjini Bariadi.

Aliingia kwenye kazi hiyo kwa sababu hakuwa na nyingine. Mumewe, Ngassa, alikuwa fundi mitambo wa kiwanda cha kuchambua pamba cha ushirika, akafariki kwa kifua mwaka uleule kiwanda kilipoanza kunyamaza. Baadaye biashara ya pamba ikafunguliwa. Kila mwenye mizani na magunia akaruhusiwa kununua, na msimu ulipofika mji ukajaa watu wa Mwanza na Dar es Salaam waliokuwa wakitafuta mahali pa kulala. Evalina akauza ng'ombe wa marehemu waliobaki, akaichukua nyumba moja ya zamani ambayo ushirika ulikuwa umeshindwa kuitunza, akaipaka chokaa na kutundika kibao cha gesti.

Ilikuwa nyumba nzito. Aliijenga Mhindi aliyekuwa na kiwanda kabla ya uhuru, kuta zake pana, sakafu yake ya saruji nyekundu iliyong'aa kila ilipopigwa dawa. Kwa mbele ilipendeza. Kwa nyuma iliishia ghafla, kama mkate uliokatwa kwa kisu, na katika ukuta ule wa nyuma palikuwa na mlango uliozibwa kwa matofali. Evalina hakujiuliza mlango ule ulikuwa ukielekea wapi. Alikuwa na vitanda vya kununua.

Fundi bomba wake alikuwa Athanasi, mtu mnene mwenye soga nyingi, aliyejifunza kazi kwa mapadre wa misheni. Athanasi alisimamisha pipa juu ya mafiga ya matofali nyuma ya nyumba, akaweka nafasi ya kuni chini yake, kisha akagonga kuta hapa na pale na kugundua kwamba mabomba ya chuma ya yule Mhindi bado yalikuwa mazima ndani. Akayaunganisha na pipa, na juu ya paa akaweka tangi la kulisha pipa na shawa. "Mama Gloria," alimwambia Evalina, kwa jina la binti yake mkubwa, "watu hawa walijenga. Hatuna haja ya kuchimba hata futi moja." Kazi ya kuwasha moto akapewa Elia, shemeji yake Evalina, mdogo wa marehemu, mtu mkimya aliyechochea mashina ya pamba makavu tangu alfajiri hadi wageni wote wawe wameoga.

Msimu wa kwanza mambo yalikwenda vizuri. Wanunuzi wa pamba walitoka bafuni wekundu wa macho kwa sabuni, wakicheka, wakaagiza chai. Msimu wa pili, baridi ya mwezi wa sita ilipoingia, Bwana Januarius akatoka bafu la mwisho akiwa na taulo kiunoni na povu kichwani.

"Mama Gloria, maji yamenigeuka," alisema.

"Yamekatika?"

"Hapana, yanatoka. Lakini ni ya baridi kuliko nje."

Januarius alikuwa mteja wake wa kuaminika, mtu wa Mwanza asiyependa makelele. Evalina akamletea ndoo ya maji ya moto kutoka jikoni, akamwomba radhi, kisha akaenda nyuma kwenye pipa. Elia alikuwa amechuchumaa mbele ya moto. Pipa lilikuwa likinguruma kwa kuchemka. Evalina akaligusa bomba linalotoka pipani kwa ncha ya kidole, akakitoa upesi. Alilifuata hadi linapoingia ukutani, bado lilikuwa moto. Akazunguka, akaingia bafuni, akashika bomba lilelile linapotokea upande wa pili. Lilikuwa baridi kama koo la mtungi.

Alianza na lililo rahisi. Alifungua kichwa cha shawa, akakikuta kimejaa chokaa ya maji, akakiloweka katika maji ya ndimu mpaka matundu yake yakafunguka. Maji yakatoka kwa nguvu zaidi, na baridi zaidi. Akaamuru kuni ziongezwe. Pipa likachemka mpaka likatikisika, na shawa ikaendelea kutoa maji ya baridi. Hapo akamwita Athanasi.

Athanasi alisikiliza, akacheka, akasema ni upepo tu. Upepo ukinaswa ndani ya bomba, maji ya moto hayapiti. Akafunga koki hii, akafungua ile, akapuliza kwa mdomo mpaka mashavu yakamvimba, na maji ya moto yakarudi. Alikunywa chai yake akaondoka. Kesho yake bafu la mwisho likawa baridi tena, na la katikati nalo likaanza kupoa. Athanasi akarudi, akabadilisha koki, akabadilisha kiungo cha ukutani, akasema sasa basi. Siku zilizofuata bafu la katikati likapoa kabisa, na la mbele likawa linatoa maji ya vuguvugu kama mate.

Kilichomtia Evalina hofu hakikuwa ubaridi wenyewe. Mchana mmoja, wageni wote wakiwa vijijini kununua pamba, alifunga shawa zote kwa mkono wake, akasimama nyuma ya nyumba. Hakuna aliyekuwa akioga, hakuna aliyekuwa akifua. Lakini maji ya tangi yaliendelea kushuka kwenda kwenye pipa, na pipa likaendelea kuyapokea, likichemka na kumeza, likichemka na kumeza. Maji ya moto yalikuwa yakienda mahali. Alizunguka nyumba nzima akitafuta ukuta uliolowa. Kuta zilikuwa kavu.

Athanasi alipokuja safari hii hakucheka. Alilala kifudifudi kwenye sakafu nyekundu ya ushoroba, karibu na ule mlango uliozibwa, akabandika sikio.

"Unasikia nini, fundi?"

Athanasi akainuka, akajipangusa magoti. "Lala usikilize mwenyewe."

Evalina akapiga magoti, akainama. Saruji ilikuwa na joto kidogo shavuni mwake, kama godoro ambalo mtu ametoka kuamka. Na chini kabisa, mbali, alisikia sauti ya maji yakianguka ndani ya maji mengine. Haikuwa sauti ya bomba linalovuja. Ilikuwa sauti ya mtu anayejaza kitu.

*

Nyuma ya ukuta uliokatwa palikuwa na kiwanja kitupu, na baada ya kiwanja ulikuwapo ua wa minyaa wa Wilhelmina. Wilhelmina alikuwa bibi kizee anayeishi peke yake katika kibanda cha udongo, mgongo umepinda, macho yamekuwa mekundu kwa moshi wa miaka mingi wa kinyesi cha ng'ombe na mashina ya pamba. Binti yake aliolewa Kiloleli, kule Busega, na alikuja mara chache. Evalina alikuwa akimpelekea ugali uliobaki na mchuzi, wakasalimiana Kisukuma, basi.

Asubuhi moja Januarius aliamka mapema, akafungua dirisha la chumba chake la nyuma. Kulikuwa na ukungu mwembamba na baridi inayouma. Evalina alikuwa akifagia ushoroba aliposikia dirisha likifungwa kwa kishindo. Januarius akatoka, viatu mkononi.

"Yule bibi wa nyuma," alisema polepole, "anapika nini pale chini?"

"Anapika wapi?"

"Kiwanjani. Amekaa chini, mvuke unamzunguka mwili mzima. Moto sikuuona."

Evalina akaenda dirishani. Kiwanjani, majani yote yakiwa yamekauka kwa kiangazi, palikuwa na kipande cha majani mabichi, urefu na upana wa kitanda. Wilhelmina alikuwa ameketi katikati yake, amejifunika shuka kichwani. Mvuke ulitoka ardhini pande zote, ukapanda polepole, ukamficha, ukamwonyesha, ukamficha tena. Mbuzi wake walikuwa wamelala wamemzunguka, wametulia, bila kutafuna kitu. Midomo ya bibi ilikuwa ikitembea. Alikuwa akizungumza na mtu, na kila baada ya maneno machache alinyamaza, kama anayesubiri kujibiwa.

Januarius alihama asubuhi ileile. Hakulaumu. Alisema tu kwamba amepata mwenzake wa kukaa naye upande wa sokoni, na alisema hivyo huku akiutazama mlango uliozibwa. Wawili wengine wakamfuata kabla ya jioni.

Habari kama ile haikai ndani ya nyumba. Elia ndiye aliyeisema kwanza kwa sauti, akiwa amekaa mbele ya moto wake.

"Mimi nachochea, yule anakula. Shemeji, umeona mwenyewe. Moto wote ninaouwasha hapa unakwenda kwa yule bibi."

"Maji yanavuja, Elia. Yanavuja chini."

"Na kwa nini yavujie kwake? Dunia nzima hii, yavujie pale anapokaa?"

Jambo lililomsumbua Evalina zaidi ni kwamba swali lile lilikuwa lake pia. Alikuwa Mkatoliki wa kila Jumapili, lakini alikulia Lingeka, na alijua jinsi kikongwe mwenye macho mekundu anavyoanza kusemwa. Mwanzo ni kicheko, kisha ni ng'ombe wa mtu aliyekufa ghafla, kisha watu wanaacha kumsalimia. Baada ya hapo hakuna tena anayesema, na huo ndio wakati wa kuogopa. Kulikuwa na vikongwe huko vijijini walioamka salama na wasiione jioni.

Nyanda, kamanda wa sungusungu, walinzi wa mtaa, alikuja na wenzake wawili. Alikuwa mtu wa heshima, mwenye kirungu alichokiegemea kama fimbo ya mchungaji. Alikaribishwa kiti, akakataa chai.

"Mama Gloria, tumesikia. Umepoteza wageni."

"Bomba langu ni bovu, kamanda."

"Fundi amelitengeneza mara ngapi?"

Evalina akakirudisha mezani kikombe alichokataa kamanda.

"Hatujaja kwa shari," Nyanda alisema. "Tunauliza tu. Wewe ndiye uliyedhurika. Ukisema neno, tunalisikia. Usiposema, tutaendelea kuuliza kwingine."

Walipoondoka, Evalina alifunga mlango kwa komeo. Neno moja lake lilikuwa linangojwa. Na asubuhi iliyofuata, alipopeleka kibakuli cha uji upande wa pili wa minyaa, alikuta mlango wa kibanda cha Wilhelmina umefungwa kwa nje. Matawi ya miiba yalikuwa yamepangwa mlangoni kuanzia chini hadi juu, yakakazwa kwa kamba ya katani kama watu wanavyofunga zizi. Ndani, bibi alikuwa akigonga taratibu kwa kitu kigumu. Alikuwa akigonga tu, bila kuita.

Evalina aliweka uji chini, akaanza kufungua. Miiba ilimchana viganja. Alijua kwamba kuna macho yanayomtazama kutoka nyumba za jirani, na kwamba kufungua ule mlango ni kusema neno pia.

"Mwangaluka, mayu," alimwamkia kwa Kisukuma mlango ulipofunguka.

"Mhola, ng'wana wane," Wilhelmina akamjibu, mama kwa mwanawe, kama asubuhi nyingine yoyote. Akaitazama mikono ya Evalina inayotoka damu, kisha akaipita miiba, akaenda moja kwa moja kiwanjani, kwenye majani mabichi, akaketi.

Evalina akamfuata. Alisimama pembeni, mvuke ukimgusa miguu. Kisha akakusanya khanga yake, akaketi naye. Ardhi ilikuwa na joto la mwili. Si joto la jua, maana jua lilikuwa bado. Lilikuwa joto linalotoka chini na kupanda kwenye mifupa, na alipoweka kiganja alihisi kitu kama mapigo, hafifu, kinakuja na kupotea.

"Mayu, unazungumza na nani hapa?"

Wilhelmina hakushtuka. "Na mtoto."

"Mtoto gani?"

"Wa Mhindi. Hapa tulipokaa ni ndani ya nyumba, hujui? Nyumba yako ilikuwa inafika mpaka pale kwenye minyaa. Mimi nilikuwa yaya. Chini yetu hapa ni bafu la watoto."

Akaeleza bila haraka, mara kwa Kiswahili, mara kwa Kisukuma, akinyamaza kila alipochoka. Mtoto wa mwisho wa Mhindi, msichana, alipatwa na homa kali. Daktari akaamuru aogeshwe maji ya baridi mpaka homa ishuke. Mama yake hakuweza kumtazama, akajifungia chumbani. Wilhelmina, msichana mbichi wakati huo, ndiye aliyemshika ndani ya maji.

"Alikuwa akitetemeka," alisema. "Alinishika hapa." Akagusa kifundo cha mkono wake. "Akasema, yaya, nitilie ya moto. Tena na tena. Nitilie ya moto. Nikamwambia daktari amekataa. Jioni alikuwa hayupo. Baada ya hapo baba yake hakutaka kuiona sehemu hii, akaivunja yote, akaziba mlango. Wakaondoka."

"Na sasa?"

"Mwaka huu nimesikia maji. Nikaja, nikashika chini, yako moto." Bibi akatabasamu kidogo, meno machache. "Ametiliwa."

Evalina aliondoa kiganja chake ardhini. Lakini pamoja na hofu ile, jambo jingine lilimjia, nalo lilikuwa wazi. Kama palikuwa na bafu, palikuwa na bomba.

*

Waliochimba ni Athanasi na Elia. Elia hakutaka, akakubali kwa sababu shemeji yake alichukua jembe mwenyewe na kuanza. Evalina alikuwa ametuma ujumbe kwa Nyanda aje ashuhudie, na Nyanda akaja, na nyuma yake mtaa mzima ukajaa kando ya minyaa, watu wamekunja mikono kwa baridi. Wilhelmina alikalishwa kwenye kigoda, karibu na Evalina, mahali ambapo kila mtu alimwona na hakuna aliyeweza kumfikia bila kumpita mwenye nyumba.

Udongo wa juu ulikuwa tope la moto. Chini yake walikuta vipande vya matofali, halafu jembe la Elia likagonga bati. Waliondoa udongo kwa mikono. Yalikuwa mabati ya kuezekea, yamelala sambamba, yameliwa na kutu. Waliobomoa nyumba hawakujisumbua kuvunja bafu la saruji. Walilifunika kwa mabati, wakamwaga kifusi juu. Athanasi akaingiza mtaimbo, akainua.

Mvuke ulitoka kwa mkupuo mmoja, mweupe, mzito, wenye harufu ya sabuni ya zamani na kutu. Watu wakarudi nyuma. Mwanamke mmoja akataja jina la Bikira Maria kwa sauti ya chini. Mvuke ulipopungua, wote waliona birika la kuogea la saruji, limenakshiwa pembeni kwa vigae vyeupe, limejaa pomoni maji safi ya moto. Kwenye ukingo wake, bomba la chuma lilikuwa limetokeza, na kwenye mdomo wa bomba koki ya shaba, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka humo taratibu, bila pupa, kama nyumba yenye watu.

Juu ya maji ilielea mitalawanda, viatu vya mti vya bafuni, jozi moja, midogo ya mtoto.

Nyanda alishuka shimoni. Alitazama bomba, akaufuata kwa macho mstari wake kuelekea kwenye nyumba na pipa la Elia. Kisha akatia mkono majini mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

"Ni maji," alisema hatimaye. "Ni maji ya Mama Gloria."

Athanasi akaeleza kwa sauti ili wote wasikie. Koki hii ilibaki wazi tangu zamani. Miaka ile hapakuwa na maji, bomba likaziba kwa chokaa na kutu, ndiyo maana hata yeye hakujua kwamba lipo. Maji ya moto ya pipa yalipoanza kupita, yakailainisha ile chokaa kidogo kidogo mpaka njia ikafunguka, na maji hukimbilia kunakoteremka. Ya moto yote yakaja huku, na shawa zikabaki na ya baridi ya tangi. Yaliyojaa na kumwagika ndiyo yaliyopasha ardhi. Yalikuwa maelezo mazuri, na watu walitikisa vichwa kukubali.

Baadaye tu, walipokuwa wamebaki wachache, ndipo Athanasi alipomwambia Evalina kwa sauti ndogo kwamba kuna kitu kimoja. Koki ya shaba iliyokaa chini ya udongo miaka yote hiyo hushikana, haizunguki mpaka upashe moto na kuigonga. Yeye alikuwa ameigusa kwa vidole viwili tu. Ilizunguka kama iliyotiwa mafuta jana.

"Basi ifunge," Evalina alisema.

Lakini Wilhelmina alikuwa ameinuka kwenye kigoda. Alimshika Evalina mkono. "Ng'wana wane, iache mpaka kesho. Mara moja tu. Halafu mfunge."

Evalina aliwatazama wote wawili, fundi na bibi. Athanasi aliinua mabega. Jibu likatoka upande ambao hakuutarajia. Elia, aliyekuwa akikung'uta tope miguuni, alisema bila kumtazama mtu, "Nitawasha moto mapema. Nitauwasha vizuri."

Na kweli, kulipopambazuka, pipa lilikuwa likinguruma. Evalina alitundika shuka na khanga kwenye kamba kuzunguka shimo lote ili majirani wasione, akamsaidia bibi kushuka, akamkalisha kwenye ukingo wa vigae. Wilhelmina akapandisha mikono ya gauni lake. Akatia mikono yote miwili majini, akaanza kuisogeza taratibu, kiganja kimoja kikishika kitu, kingine kikisugua, kama mtu anayemwogesha mtoto mgongo. Alikuwa akiimba kwa Kisukuma, wimbo mfupi wa kubembeleza, unaorudia maneno yaleyale. Mara moja alisita akacheka, akajipangusa uso, kana kwamba amerushiwa maji.

Evalina aliyaona matone usoni pa bibi. Hakuona mkono wa bibi ukiinuka kutoka majini. Alisimama pale, akaamua kutoendelea kutazama, akageuka na kutoka nje ya shuka.

Nyanda alikuwa kwenye minyaa.

"Anafanya nini humo ndani?" aliuliza.

"Anapasha magoti yake," Evalina alisema. "Ni mzee, kamanda. Baridi inamuuma."

Nyanda alisikiliza ule wimbo. Bila shaka aliuelewa, maana ndio wimbo ambao mama zao wote waliwaimbia. Aliegemea kirungu chake, akatazama chini, kisha akasema hayo tu yanatosha, akaenda zake.

Wilhelmina alipomaliza alikunja vidole vyake kwenye khanga ya Evalina ili avikaushe, akaiokota ile mitalawanda, akaitia ndani ya nguo yake kifuani. Athanasi akafunga koki, akalikata bomba karibu na ukuta, akaliziba kwa kizibo cha chuma na kukikaza kwa uzito wa mwili wake mzima. Shimo likafukiwa siku hiyohiyo.

Maji ya moto yalirudi kwenye mabafu yote, na hayakukatika tena. Januarius naye alirudi baada ya muda, akaomba chumba cha mbele. Watu wa mtaa waliona kwamba kisa kimekwisha, lakini si wote. Wapo waliosema kwamba bomba linaeleza maji yalivyofika pale, halielezi bibi alijuaje pa kukaa. Evalina aliyasikia hayo sokoni, kwenye foleni ya mashine ya kusaga, hata kanisani mlangoni. Hakujua ni nani aliyefunga ile miiba, na hakuna aliyejitokeza. Kwa hiyo alimhamishia Wilhelmina chumba cha jikoni, akalala akisikia anavyogeuka kitandani, mpaka pamba ilipokwisha kununuliwa na binti wa bibi akaweza kuja kutoka Kiloleli. Waliondoka na mbuzi wao nyuma ya pikapu ya mfanyabiashara wa samaki. Bibi alipungia nyumba, si watu.

Majani ya kiwanjani yalikauka kama mengine. Evalina alipanda mahindi pale mvua zilipoanza.

Siku moja ya mwisho wa mwaka ule, mchana, gesti ikiwa tupu, alijisikia mchovu na mwenye vumbi. Elia alikuwa amewasha pipa kwa ajili ya kufua. Evalina akachukua taulo, akaingia bafu la mwisho, akafunga mlango. Alikuwa hajawahi kusimama chini ya shawa yake mwenyewe. Akazungusha koki kwa woga, kama anayeshika kichwa cha ndama asiyemjua, na maji yakamshukia kichwani, ya moto, mengi, yasiyohitaji kuchotwa. Alifumba macho. Alisikia misuli ya mabega ikilegea, akamkumbuka Ngassa, akacheka peke yake, akalia kidogo, na maji yakachukua vyote viwili.

Kisha akafunga koki, akasimama akichuruzika maji, asitafute taulo. Maji ya mwisho yalikuwa yakishuka kwenye tundu la sakafu. Aliyasikiliza yanavyokwenda chini, yanavyopungua, mpaka yaliponyamaza kabisa. Akangoja tena kidogo baada ya hapo, sikio limeinama, ndipo akajifunga khanga na kutoka.